Kupanda Baiskeli kwa Mkono Mmoja: Tuliyoyaona Arusha



Kijana apitapo njiani juu ya baiskeli, mkono mmoja umeshika usukani na wa pili umeshika mkungu wa ndizi begani, wazee wetu husema: huyo kiburi kimemjaa, na mwisho wake ni mtaroni. Mara nyingi wazee husema kweli. Lakini wako watu katika chama hiki ambao mkono mmoja ndio walio nao, wala hawakuutaka kwa kiburi. Hao ndio ninaotaka kuwazungumza mwezi huu.

Hapana haja kueleza sana jambo ambalo kila nyumba ya karafuu yalijua. Mkarafuu mkubwa huenda juu mita 15 na hata kupita, na tawi lake ni jepesi kuvunjika. Mchumaji hupanda, huvuta matawi ya pembeni kwa upembo, na msimu hauishi ila tumesikia fulani kaanguka. Wengine twawazika. Wengine hurudi kutoka hospitali wazima, ila bega halinyanyuki tena au mkono umekatwa. Shirika la Biashara la Zanzibar (ZSTC) limekuwa likitoa fidia kwa walioanguka, na hilo ni jema. Lakini fidia hupokewa siku moja, na baada yake kuna siku nyingi. Yule aliyekuwa akipakia gunia lake juu ya keria na kulifikisha kituo cha ununuzi kabla ya jua kali, sasa hukaa barazani akisubiri gari ya mtu. Ijumaa husali nyumbani kwa kuwa msikiti u mbali. Nimewauliza watu wanne wa namna hii kwa nini baiskeli zao zaliwa kutu uani, na wote wanne walinijibu neno moja: baiskeli yataka mikono miwili.

Haitaki. Na niliyeyaona hayo kwa macho yangu niliyaona mbali na kwetu, katika mji wa Arusha.

Agosti iliyopita chama kilitutuma watu wawili kwenda kuangalia maonyesho ya wakulima ya Nane Nane katika viwanja vya Themi, Njiro. Habari za vitalu na mitambo ya kukaushia nimeziandika kando, na zitatoka katika toleo lijalo, inshallah. Mwenzangu alikuwa mwanachama mmoja mtu mzima, ambaye sitamtaja jina kwa sababu mwenyewe ameniomba hivyo. Mimi humwita Ami. Miaka mitatu iliyopita alianguka mkarafuuni, na mkono wake wa kulia hauinuki kupita kiuno, wala vidole vyake havina nguvu ya kushika kitu. Kabla ya hapo alikuwa mpanda baiskeli mashuhuri. Nadhani ndiyo maana kamati ilimchagua yeye: alikuwa amekaa nyumbani mno.

Mji wa Arusha uko chini ya Mlima Meru, ambao kilele chake chapita mita 4,500, na wenyewe mji uko kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari. Baridi ya asubuhi ya mwezi wa Agosti si ya kuelezwa kwa mtu wa pwani. Ami alivaa koti juu ya kanzu, na shali juu ya koti, na bado akasema kwamba kipupwe cha kwetu ni joto tu lililopewa jina jingine. Katika miteremko ya mlima wanakaa Waarusha na Wameru, watu wa kahawa na migomba, na ng'ombe wao wengi hufungwa zizini na kuletewa majani. Mashamba yako juu, soko liko chini. Basi asubuhi mtu hushuka na mzigo wake wa maziwa au ndizi, na jioni hupanda na madumu matupu. Pikipiki za bodaboda zimechukua sehemu kubwa ya kazi hii, na magari ya abiria, ambayo huko huitwa vifodi, yamechukua nyingine. Hata hivyo baiskeli haijatoka barabarani. Nilisimama karibu na njia ya Ilboru saa moja ya asubuhi nikahesabu waliokuwa wakipita kwa mkono mmoja: huyu mkono wake wa pili uko nyuma umezuia mzigo wa majani usielemee upande, yule ameshika dumu lisigonge gurudumu. Hakuna aliyekuwa akijionyesha. Walikuwa kazini.

Hapa yafaa niseme kwa nini nilifurahi kuyaona mambo haya Arusha, si mahali pengine. Mtu wa Makunduchi aweza kujifunzia baiskeli popote, kwao ni tambarare. Sisi wa Pemba huna utakakokwenda ila kuna kilima cha kupanda na bonde la kushuka. Mafunzo ya uwanjani peke yake hayatufai. Twahitaji kujua mteremko.

Arusha ni mji wenye sifa ya mafundi wa baiskeli. Yuko Bwana Bernard Kiwia, fundi wa baiskeli wa huko huko, aliyetumia vipande vya baiskeli kuu kuu kutengeneza vyombo vya kazi vinavyoendeshwa kwa miguu, akaitwa mpaka chuo cha MIT huko Marekani, na baadaye akawa miongoni mwa walioanzisha karakana ya uvumbuzi iitwayo Twende. Fundi wetu hakuwa mtu wa sifa kama hiyo. Tulimkuta chini ya mti huko Ngarenaro, na sanduku la spana na beseni la maji ya kutafutia pancha. Nilikuwa nimekwenda kumwuliza bei ya mipira ya breki tu. Yeye alimtazama Ami, akautazama mkono, akasema:

"Shikamoo, mzee. Baiskeli umeacha tangu lini?"

"Marahaba, mwanangu. Nani kakwambia nimeacha?"

"Mtu ambaye hajawahi kupanda huangalia rangi. Wewe tangu umefika unaangalia cheni."

Ami akacheka, na huo ndio ukawa mwanzo. Kwa siku sita, kila tulipotoka Njiro alasiri, tulikwenda kwa fundi, na jua likikaribia kuchwa tulikuwa kwenye kiwanja cha majani chenye mteremko mdogo. Fundi huyu alikuwa amekwisha mfundisha mtu mmoja wa kwao aliyekatwa mkono na mashine ya kusaga. Sasa nitaeleza alivyofundisha, maana elimu hii haina budi kufika kwetu.

Jambo la kwanza, na yeye alilirudia mpaka tukalichoka, ni kwamba mikono haiibebi baiskeli wala haimbebi mtu. Anayeisimamisha ni mwendo na kiuno. Baiskeli ikianza kuangukia kushoto, gurudumu la mbele hugeukia kushoto, nayo hujiweka sawa tena. Nilipofika nyumbani nilisoma kwamba mwaka 2011 wataalamu wa chuo kikuu cha Delft, Uholanzi, na cha Cornell, Marekani, walieleza katika jarida la Science habari za baiskeli waliyoitengeneza ambayo ilikwenda bila mtu juu yake, ikajisimamisha yenyewe kwa kujigeuza upande inakoangukia. Fundi wa Ngarenaro hakulisoma jarida hilo. Yeye aliisukuma baiskeli ya Ami peke yake kiwanjani, nayo ikaenda hatua nyingi kabla ya kuanguka. "Unaona, mzee? Haina mkono hata mmoja."

Kisa cha mkono mmoja, basi, hakiko katika kusimama. Kiko katika uzito. Mtu mwenye mikono miwili huegemea usukani bila kujua, na kwa kuwa huegemea pande zote mbili sawasawa, usukani haugeuki. Akiondoa mkono mmoja na kuendelea kuegemea kwa ule uliobaki, anausukuma usukani upande mmoja mbele, na gurudumu hugeuka. Hapo ndipo watu huanguka, kisha wakasema mkono mmoja hautoshi. Dawa yake ni kuuondoa uzito mkononi kabisa na kuuweka kitini. Fundi alishusha kiti cha Ami kiasi cha upana wa vidole vitatu, akaupandisha usukani mpaka alipokaa wima kama aliyekaa katika kiti cha baraza. Kisha akamwambia ashike usukani kwa vidole, kama mtu ashikavyo kikombe cha kahawa chenye moto. Mahali pa kushika pia pana maana. Ukishika karibu na katikati, makosa ya mkono hayageuzi usukani sana, bali breki iko mbali. Ukishika mwisho, breki ipo, lakini kila mtikisiko wa bega hufika gurudumuni. Mwanafunzi aanze katikati, kiwanjani, kwa mwendo wa wastani, na macho yatazame mbali. Mwendo wa polepole sana ni mgumu kuliko wa kasi kidogo, na hili huwashangaza watu wazima, kwa kuwa woga huwapa shauri la kwenda polepole.

Siku mbili za kwanza Ami hakukanyaga pedali. Alikaa, akainua miguu, akauacha mteremko umpeleke, akasimama kwa miguu. Siku ya tatu alikanyaga. Mimi nilikuwa nikikimbia nyuma yake, na kwa hewa nyepesi ya huko, niliyekuwa nahitaji kusaidiwa ni mimi.

Ilikuwako hitilafu moja katika mafunzo, nayo ilikuwa ya heshima. Fundi alimshauri atumie baiskeli isiyo na chuma cha juu, maana mtu wa mkono mmoja hapati nafuu ya kuishika baiskeli imara huku akirusha mguu. Ami akasema: "Mimi, na umri huu, baiskeli ya kike?" Fundi akamjibu kwa adabu: "Mzee, baiskeli haina mke wala mume. Ina aliyepanda na aliyeanguka." Ami hakujibu kitu, akaendelea na yake yenye chuma. Siku ya nne alikuja akaivuta ile nyingine mwenyewe, wala hakuna aliyesema neno.

Sasa nakuja kwenye breki, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka, kwani hapa ndipo panapovunja watu mifupa.

Baiskeli za namna ya Kiingereza, kama Raleigh, na Phoenix za Kichina zilizofuata mtindo huo, kwa kawaida breki ya mkono wa kulia hufunga gurudumu la mbele, na ya kushoto hufunga la nyuma. Jambo hili lina hekima yake. Katika nchi ambako magari hupita kushoto, kama Uingereza na kwetu, kona ya hatari ni ya kulia, ambapo yakupasa kukata njia ya wengine. Hapo wanyosha mkono wa kulia kuwaonyesha walio nyuma, na mkono wa kushoto uliobaki una breki ya nyuma, ambayo haikurushi. Kwa hiyo kila mpanda baiskeli, hata mwenye mikono yake kamili, hana budi kujua kwenda kwa mkono mmoja. Asiyejua hatoi ishara, na asiyetoa ishara hugongwa. Wangapi kati yetu hutoa ishara tukikata kulia kwenda shambani? Mimi nahesabu wachache. Kila mtu aitazame baiskeli yake, kwani nyingine mafundi wamekwisha zibadilisha nyaya.

Kwa Ami mkono uliobaki ni wa kushoto, basi breki ya nyuma ilikuwa tayari mkononi mwake. Lakini breki ya nyuma peke yake haitoshi mlimani, kwa kuwa mtu afungapo breki uzito wake wote huenda mbele, gurudumu la nyuma huwa jepesi, na huburuzika. Na ya mbele peke yake ni mbaya zaidi kwa mkono mmoja: mwili hutupwa mbele, uzito huangukia mkono ule ule mmoja, usukani hupinduka. Fundi alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kutia mkono mmoja wa breki uvutao nyaya mbili pamoja, ya mbele ikilegezwa kidogo ili ya nyuma itangulie kushika. Ya pili, ambayo ndiyo aliyoifanya, ni kutia gurudumu la nyuma la baiskeli kuu kuu ya Kiholanzi, ambalo ukirudisha pedali nyuma hufunga breki lenyewe. Hapo mguu una breki ya nyuma, na mkono wa kushoto ukaunganishwa na ya mbele. Sheria yake: mguu kwanza, mkono baadaye na kwa upole, mgongo wima, mapaja yamebana kiti. Aliyepoteza mkono wa kushoto na kubaki na wa kulia naye afanyiwe hivyo hivyo, wala asipande baiskeli ya kawaida kwa breki ya mbele tu.

Na mvua. Breki za mpira juu ya ringi za chuma zikilowa hupoteza nguvu nyingi, na mtu hugundua hayo akiwa katikati ya mteremko. Breki ya ndani ya gurudumu, kama ile ya Kiholanzi, haijali mvua. Kwetu ambako masika hutukuta njiani, hii peke yake ni sababu ya kuitafuta.

Limebaki jambo moja ambalo fundi hakulificha, nami silifichi: ishara. Mkataba wa kimataifa wa usafiri wa barabarani uliofanywa Vienna mwaka 1968 unamkataza mpanda baiskeli kwenda bila kushika usukani walau kwa mkono mmoja. Maana yake, mkono mmoja watosha, lakini pasipo huo hapana ruhusa. Mtu ambaye mkono wake wa pili hauinuki hawezi kuunyosha ule mzima kuonyesha kona, maana ndio huo unaomshikilia. Basi afikapo kona ya kulia katika barabara ya magari, avute kushoto, asimame, ashuke, atazame, avuke kwa miguu. Ataonekana mwoga. Na aonekane. Fundi alimfungia Ami kioo kidogo upande wa kushoto, na kengele akaiweka pale dole gumba linapofika bila kuhama.

Kwa kupanda kilima: asisimame juu ya pedali, kwa kuwa asimamaye huvuta usukani, na mkono mmoja huvuta upande mmoja. Ashuke asukume. Na kusukuma kwa mkono mmoja ni rahisi ukishika kiti badala ya usukani; ukikiinamisha kiti kidogo huku au kule baiskeli hufuata. Mzigo ukae chini, umegawanywa pande mbili za keria, wala usipite kilo 20 mpaka mtu azoee.

Kama yuko anayedhani haya ni mambo ya kubahatisha, asikie habari za Sarah Storey wa Uingereza. Alizaliwa mwaka 1977 na mkono wa kushoto usiofanya kazi. Alianza kwa kuogelea katika michezo ya Paralimpiki ya Barcelona mwaka 1992, akahamia baiskeli mwaka 2005, na baada ya michezo ya Paris ya mwaka 2024 medali zake za dhahabu zilikuwa 19, nyingi zake za baiskeli. Sisi hatutaki medali. Twataka kufika kituoni.

Siku ya sita, alasiri, Ami alishuka njia ya Ilboru kutoka juu, fundi mbele yake na mimi nyuma ndani ya kifodi nilichokuwa nimekiomba kiende taratibu, na abiria wote wakawa wanachungulia dirishani. Mahali palipo mwinamo mkali alishuka akaiongoza baiskeli kwa kiti. Kwingine kote alikaa wima, mkono wa kulia kaulaza juu ya paja. Alipofika chini fundi alimwuliza kama mkono umechoka. Akasema mkono haukufanya kazi yoyote, kilichochoka ni matako. Fundi akasema hapo sasa amehitimu.

Amekwisha rudi Pemba na gurudumu lile la Kiholanzi, tulilisafirisha ndani ya gunia pamoja na miche ya parachichi. Tangu msimu wa karafuu uanze amepeleka karafuu zake kituoni mwenyewe mara saba, vifuko viwili kila safari. Mkewe ameniambia kwamba sasa tatizo ni kumpata nyumbani.

Kamati imekubali kununua baiskeli mbili zisizo na chuma cha juu kwa ajili ya mafunzo. Moja imekwisha patikana, na fundi wetu wa hapa ameitia breki ya nyaya mbili kwa kufuata mchoro niliouleta. Mafunzo yatakuwa kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, katika uwanja ulio nyuma ya ghala la chama, na Ami ndiye atakayefundisha. Mwanachama yeyote aliyeumia mkono, au mtoto wake, au mchumaji wake, aje, hapana malipo. Aje na viatu vya kufunga, asije na ndara. Wenye mikono miwili wanaotaka kujifunza kutoa ishara waje pia, lakini wasubiri wenzao wamalize kwanza, maana baiskeli ni moja.